Alhamisi Jino la Baba Linavishwa Kofia

Mama,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini nikijaribu kuanza bila shikamoo mkono unakataa. Hata kwenye simu hukuwa unaniruhusu nieleze shida yangu mpaka uitike marahaba, uulize watoto, uulize biashara, uulize kama mvua imenyesha Korogwe. Basi watoto hawajambo. Biashara ya supu inakwenda. Mvua imenyesha huku, ya Handeni sijaisikia.

Sasa nikueleze kilichonileta. Ni mdomo wa Baba.

Baba yuko kwangu Manundu tangu tulipomaliza arobaini yako. Hakutaka kuja. Alisema nyumba ya Handeni haiwezi kubaki peke yake, utafikiri nyumba ndiyo iliyofiwa. Nikamwambia aje wiki moja tu nimpikie. Wiki ikazaa nyingine, na sasa ana kiti chake barazani, wateja wangu wanamsalimia yeye kwanza kabla ya kuniagiza chapati.

Alhamisi hii nampeleka kwa Dokta wa meno akagandishiwe kofia mpya ya jino, kile kifuniko kinachovikwa jino zima. Kwa sasa imeshikizwa tu kwa gundi nyepesi, ya majaribio, ili ikimkataa itolewe bila taabu. Ikishagandishwa kabisa, kuitoa ni kuikata, na Dokta amesema wazi kuwa jino lile limeshachongwa vya kutosha na halina pa kuchongwa tena. Likiharibika tena ni kung'oa. Kwa hiyo kabla ya Alhamisi lazima mtu aseme kama hii kofia inamfaa au haimfai. Na wa kusema ni Baba. Unamjua, Mama. Ukimuuliza Baba wakati nyumba inaungua atakwambia hatujambo.

Ndiyo maana nakuandikia. Wewe ndiye uliyekuwa unamsemea. Dokta yeyote akimuuliza Baba anaumwa wapi, yeye alikuwa anakutazama, wewe unaonyesha. Ulijua goti lipi, ulijua tangu lini, ulijua kikohozi cha vumbi na kikohozi cha homa. Yeye kalelewa kambi ya mkonge, mtoto wa manamba, na babu alimfundisha kuwa anayelalamika ndiye anayeongezewa kazi. Akafanya kazi kiwandani, kwenye mashine, mpaka akastaafu, na sijapata kumsikia akisema neno "naumwa". Kazi hiyo ya kusema alikuachia wewe. Umeondoka nayo.

Nikukumbushe kofia ya kwanza, ile ya chuma. Ulimleta wewe mwenyewe kutoka Handeni, presha ilikuwa bado haijaanza kukusumbua sana. Jino la nyuma lilikuwa limeoza, Dokta akausafisha mzizi, kisha akasema linahitaji kuvishwa kofia lisije likapasuka. Nilikuwepo. Alimwamkia Baba shikamoo kama binti mwenye adabu za Lushoto, halafu akauliza vizuri tu kama mzee ana aleji, kama chuma kimewahi kumsumbua ngozi, saa, pete, chochote. Baba akakutazama. Ukamjibu Dokta, "Huyu? Huyu hata umwekee reli." Tukacheka wote. Hata Baba alicheka, mdomo umejaa pamba.

Na wakati ule ule, Mama, chini ya mkono wa shati lake kulikuwa na bangili.

Ile bangili nyeupe ya chuma uliyoinunua mnadani Handeni kwa ajili ya baridi yabisi. Nakumbuka siku uliyoileta. Ulimkalisha kwenye kinu kilicholazwa, ukampaka mafuta ya nazi mkononi, ukaibana kwa vidole vyako mwenyewe mpaka ikakaa. Baada ya muda ngozi chini yake ikatoa vipele vya majimaji, ikawasha, ikachubuka. Mimi nilishtuka, wewe ukafurahi. Ukasema, "Inavuta hiyo. Dawa ikivuta usiitoe." Na si wewe peke yako. Kina mama wote wa pale mtaani waliowavisha waume zao bangili hizo walisema hivyo hivyo, kuwa isiyowasha ni feki, muuzaji kakupiga. Kwa hiyo Dokta alipouliza kama chuma kimewahi kumsumbua, hukumdanganya. Kwako wewe kile hakikuwa kisumbufu. Kilikuwa matibabu.

Nisamehe kwa kulisema hili kavu. Nimelizungusha kichwani mpaka nimechoka.

Baada ya msiba, alipokuja kwangu, niliona anaacha nyama. Mimi ni mama lishe, sahani ya mtu naisoma kabla sijaisoma sura yake. Alikuwa anakunywa uji, anamung'unya ndizi, supu anaisukuma pembeni. Majirani wakaniambia msiba hukata hamu, mwache, itarudi. Nami nikaona hivyo. Nilikuwa hata mimi silali wala sili vizuri, ningeshangaaje kwa mwenzio wa miaka yote ile? Nikawa namwekea uji asubuhi na jioni, na kila nikimuuliza ananijibu sijambo mama, sijambo kabisa.

Siku moja mchana anatia udhu pale kwenye bomba, akasukutua, akakunja uso. Nikamsogelea, nikamwambia afungue mdomo kama ninavyowaambia wajukuu zako. Ufizi wote uliozunguka ile kofia ulikuwa mwekundu, umevimba, na shavu kwa ndani limechubuka. Nikamuuliza inauma? Akasema inaunguza kidogo, na ina ladha ya msumari. Tangu lini? Tangu ilipowekwa. Mama, tangu ilipowekwa! Na kwa nini hukusema? Akanitazama kama mimi ndiye mgeni katika ukoo huu. Akasema, "Inavuta. Mama yako alisema ikivuta niiache."

Nilikwenda jikoni nikalia, nikiwa nimeshika mwiko. Nililia kwa hasira pia, sikufichi. Yule mtu alikuwa anaungua mdomo miezi yote ile, na kila inavyozidi kuunguza ndivyo alivyozidi kuamini kuwa umemwachia dawa.

Nikampeleka kwa Dokta, naye hakulaumu mtu. Alishika mkono wa Baba, akapandisha shati, akaisogeza bangili kidogo, na pale chini ngozi ilikuwa imefanya pete nyingine ya vipele. Akatikisa kichwa polepole. Akatueleza kuwa kuna chuma kinaitwa nikeli, kinachanganywa kwenye vitu vingi vyeupe vya bei rahisi, na kinachanganywa pia kwenye kofia za meno za chuma kama ile. Wengi hawana shida nacho. Ila mwili wa mtu ukishakichukia, haukisamehe. Akasema anavyodhani, bangili ndiyo iliyoufundisha mwili wa Baba kuchukia, kisha kofia ikaja kukaa mahali ambapo hakuna pa kuikimbia. Lakini hakutaka kudhani tu. Akatutuma kwa daktari wa ngozi, Moshi.

Kule walimbandika mgongoni vipande vidogo kama plasta, kila kimoja na kitu chake, tukakaa kwa shemeji yangu siku hizo zote bila kumruhusu kuoga mgongo. Baba alisema amebandikwa matangazo kama ofisi ya serikali ya mtaa. Walipovibandua, pa nikeli palikuwa pameumuka. Pengine pote pako shwari. Nilitaka kushangilia, nikaona aibu kushangilia uvimbe.

Tuliporudi ndipo nilipoliona la suruali. Sijui kama nitaweza kuliandika.

Nilikuwa nafua nguo zake. Hapo kabla alikuwa hataki nizifue, alificha kikapu chake kama kijana. Nikaishika suruali ya kijivu, nikahisi kitu kigumu kwa ndani, nyuma ya kifungo cha chuma. Nikaigeuza. Kipande cha kitenge kimeshonwa pale kwa mkono, ule mshono wako mfupi mfupi. Nikachukua nyingine, nayo ina kipande. Zote, Mama. Hata ile ya khaki aliyokuwa anaendea kazini, na nyuma ya chuma cha kufungia mkanda umebandika kitambaa. Nikamuuliza. Akasema, "Mama yako alishona. Tumbo langu halipendi vifungo."

Nilikaa chini palepale kwenye maji ya sabuni. Ulijua. Hukujua jina lake, hukujua kuwa kifungo na bangili na jino ni ndugu wa tumbo moja, lakini ulijua, na ulilimaliza kwa sindano bila kumwambia mtu. Ulikuwa unamkinga kwenye tumbo, na kwenye mkono unamuunguza, vyote kwa mapenzi yale yale. Ile hasira niliyolia nayo jikoni iliishia pale. Sijaitafuta tena.

Ile kofia ya chuma Dokta aliikata akaitoa. Bangili ndiyo iliyokuwa kazi. Baba alisema jino watoe, bangili hapana, hii alinivisha mama yako mwenyewe. Nikamweleza, akashusha mkono wa shati. Nikamweleza tena, akaenda kulala. Nikawa nawaza nimnyang'anye akiwa usingizini, kisha nikawaza akiamka mkono mtupu atanitazama vipi. Asubuhi moja akatokea barazani kavaa shati la mikono mirefu, limefungwa vifungo mpaka chini, na bangili iko juu ya shati. Juu kabisa, inang'aa, kama saa ya mbunge. Akasema ngozi imeshinda na wewe umeshinda. Wateja wanamuuliza ndiyo mtindo gani, anawajibu ni wa Handeni.

Halafu ndiyo likaja la kuchagua, na hapa wasiwasi wangu ndipo ulipofungua tawi jipya. Wewe ulisema wasiwasi wangu ungekuwa mahindi tungejaza ghala. Sasa tungeuza hata nje.

Nilidhani Dokta atasema tu, hii mbaya, hii nzuri, tukaenda zetu. Alituwekea vitu kwenye sinia, akaanza kutueleza, na kila kitu kilikuwa na lakini yake. Chuma kilichofunikwa kauri ni kizuri kwa macho, lakini ndani bado ni chuma, na pale ufizini kinaweza kujitokeza. Dhahabu miili ya wengi huikubali, lakini dhahabu ya meno haiwi tupu, lazima uulize imechanganywa na nini. Plastiki inafaa kwa muda, lakini inalika, na wengine ile dawa yake ikiwa haijakauka sawasawa inawachoma. Iko nyeupe inayoitwa zirkonia, ngumu, haina nikeli, na wanaosumbuliwa nayo ni wachache sana. Nikamkamata hapo hapo. Wachache? Akasema, "Dada Zaina, sina kitu ninachoweza kukuapia kuwa kinamkubali kila mtu. Ninacho kinachowasumbua wachache." Nilimheshimu kwa hilo, lakini usingizi aliuchukua yeye.

Baba aliishika ile zirkonia ya mfano, akaigonga kwa ukucha, akasema inalia kama sahani. Akaniambia nichague mimi. Unaona? Amenihamishia mimi kazi yako.

Tukachukua hiyo nyeupe. Bei tunajua sisi watoto wako, wewe usiulize. Dokta alipiga simu maabara Dar, akauliza kila kilichomo, mpaka rangi ya kuifanya ifanane na meno, na mpaka gundi. Gundi nayo, Mama, kumbe ina watu wake inaowadhuru. Kipimo cha meno kikapelekwa kwa basi, nami nikakaa nawaza kifurushi kimeshushwa Segera kimakosa, kinauzwa pamoja na machungwa. Hakikushushwa. Kofia ikarudi, ikajaribiwa, ikakaa kwa gundi nyepesi. Dokta akasema tuiangalie.

Hiyo ndiyo iliyoniua. Kuangalia. Kila asubuhi nilimfungua Baba mdomo kwa tochi ya simu. Nilimuuliza inaunguza? Sijambo. Ina ladha? Sijambo. Inavuta? Hapo hanijibu. Ufizi niliona umetulia, lakini macho yangu siyaamini, na kwa ile kofia ya kwanza pia pengine ulionekana umetulia siku za mwanzo. Nikawa nachungulia sahani. Alianza kula nyama, lakini je, anakula kwa sababu mdomo umepona au kwa sababu ananiona namchungulia? Usingizini naota Alhamisi imefika, Dokta anagandisha, na Baba anasema sijambo huku moshi unamtoka mdomoni.

Sasa nikueleze la jana, maana ndilo lililonikalisha kuandika.

Jana mchana alikuwa anakula. Akaweka kijiko chini. Akasema, "Zaina, hii kofia inanigonga."

Moyo wangu ulidondoka mpaka kwenye kandambili. Nikajua basi, nayo imemkataa, jino hilo linaondoka. Nikamuuliza inaunguza? Akasema sijasema inaunguza, nimesema inanigonga, nikiuma inatangulia yenyewe kabla ya wenzake, tangu juzi, na inaniudhi. Halafu hakunyamaza. Akasema na supu yako ina chumvi nyingi, siku zote ina chumvi nyingi. Na kiti hiki kinaniumiza mgongo. Na redio ya jirani, hivi yule bwana ni kiziwi?

Nikaweka upawa chini, nikachukua kanga.

Tukaenda kwa Dokta hiyo hiyo jana. Akampa karatasi ya bluu auume, palipoguswa zaidi pakabaki alama, akapasugua kidogo. Basi. Lilikuwa ni jambo la urefu tu. Akachunguza ufizi, akaniita nione, ulikuwa na rangi ya afya, wala haukutoa damu alipougusa. Kisha akakiinua kiti alicholazwa Baba, akamuuliza Baba anajisikiaje mdomoni, aseme kila kitu.

Baba akageuka upande wake wa kulia, ulipokuwa unakaa wewe. Nilikuwa nimekaa mimi. Mama, majibu yote nilikuwa nayo. Chumvi, nyama, ladha, usiku, asubuhi, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikauma ulimi kweli kweli. Dokta naye hakunisaidia. Tukamngoja.

Akasema, "Ile ya kwanza iliniunguza sana. Sikusema." Akaligusa shavu. "Hii haiuunguzi mdomo. Ikianza nitasema."

Sijui kama ataweza. Alhamisi ni Alhamisi, na hao wachache wasioelewana na zirkonia lazima wawe watu fulani, na mimi naweza kuanzia sasa mpaka asubuhi ile kujiuliza kwa nini wasiwe sisi. Lakini tangu ulipoondoka nyumba hii haijasikia sauti nzuri kama ile ya Baba kulalamikia chumvi. Nimeipunguza. Leo kasema haina ladha.

Pumzika, Mama. Mungu akupe nafasi palipo na kivuli na maji, Handeni ulivikosa vya kutosha. Suruali mpya nikimnunulia nitashona kipande nyuma ya kifungo, kwa mshono wangu mbaya. Na ninakuahidi hili, ambalo kwangu ni gumu kuliko kufunga mwezi mzima: Alhamisi Dokta atamuuliza Baba kabla hajagandisha, na mimi nitafunga mdomo wangu mpaka ajibu mwenyewe.

Niombee niweze.

Mwanao,
Zaina